Kalunguyeye Bustanini: Namna ya Kumlisha na Kumjengea Pa Kulala

Kila mwaka, saa zikishasogezwa mbele mwishoni mwa Machi na jioni za Uingereza zikaanza kurefuka, huwa napokea ujumbe uleule kutoka kwa ndugu tunaoishi huku. "Dada, kuna kitu cha miiba kimepita uani, ni nungunungu?" "Dada, nimemwekea maziwa na mkate, mbona hali?" "Anauma? Ana sumu? Nimfungie kibandani asije akapotea?" Nimejibu mara nyingi mno kwa vipande vipande, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Uliyemwona si nungunungu. Nungunungu ni mnyama mkubwa wa jamii ya panya, miiba yake mirefu kama penseli, na kwetu anajulikana kwa kufukua mihogo na karanga za watu. Huyu wa bustanini Uingereza ni kalunguyeye. Aliyekomaa anaenea kwenye viganja viwili, ana miiba mifupi inayozidi elfu tano, na chakula chake ni mbawakawa, viwavi, nyungunyungu na wadudu wengine. Hana sumu, hafukui mazao, wala hafukuzani na mtu. Akiogopa hujiviringisha akawa mpira, na hapo ndipo ulinzi wake wote unapoishia.

Sababu ya kumsaidia ni kwamba wanapungua. Mwaka 2020 kalunguyeye aliingizwa katika orodha nyekundu ya wanyama wanyonyeshao wa Uingereza, kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Vichaka vimefyekwa, bustani zimesakafiwa kwa zege ili kuegesha magari, na kila nyumba imejizungushia mbao zisizo na upenyo. Yeye hutembea kilomita moja hadi mbili kila usiku akitafuta chakula. Ukizungushia ua wako kila upande, umemfungia barabara yake.

Neno kwa mnaosoma mkiwa Kenya na Tanzania. Kalunguyeye wetu ni wa aina nyingine: mdogo zaidi, tumbo jeupe, na miguu ya nyuma ina vidole vinne badala ya vitano. Halali usingizi wa majira ya baridi kama wa Ulaya, ingawa kiangazi kikiwa kikali na wadudu wakiadimika anaweza kujificha na kulala siku nyingi. Kwa hiyo nyumba ya mbao nitakayoieleza haina haja kwenu. Anachohitaji ni sahani ya maji wakati wa ukame, rundo la majani makavu lisilochomwa moto pembeni ya shamba, na bustani isiyopuliziwa dawa ya wadudu kila wiki, maana mchwa na mbawakawa unaowaua ndio chakula chake. Msimkamate mkamfuga. Kenya sheria haikuruhusu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na Tanzania nako kuna sheria yake ya wanyamapori ya 2009.

Sasa turudi Uingereza.

Andaa vitu hivi kwanza

- Ruhusa ya mwenye nyumba, kama umepanga. Usikate uzio wa mtu kabla hujamwambia.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko, la urefu wa sentimita 60 hivi, upana 40 na kimo 30. Yale ya kuhifadhia nguo yanafaa.
- Plaiwudi au mbao ambazo hazijapakwa dawa, unene usiopungua milimita 12.
- Msumeno, drili, skrubu, tepu ya kupimia, penseli na msasa.
- Selotepu nene au mkanda wa gundi wa mabomba.
- Matofali manne au matano.
- Sahani mbili bapa na nzito. Vile visahani vya udongo vinavyokalishwa chini ya vyungu vya maua ni bora kuliko vyote.
- Chakula cha paka, chenye nyama. Nitaeleza aina.
- Majani makavu ya miti, ndoo mbili tatu.
- Glavu za bustani na mizani ya jikoni.

Huna haja ya kununua nyumba ya kalunguyeye dukani. Nyingine zinapendeza machoni lakini ndani ni finyu, na mlango ni mpana kiasi cha paka kuingia.

Hatua ya 1: Hakikisha yupo

Asubuhi tafuta kinyesi chake kwenye nyasi: cheusi, kinachong'aa, urefu wa sentimita mbili hadi tano, na ukikichungulia utaona vipande vya magamba ya wadudu. Hicho kinatosha kama ushahidi. Hata usipokiona, fanya hatua ya 2 na ya 3. Huenda hayupo kwa sababu tu hana pa kupitia.

Hatua ya 2: Mfungulie njia

Kama utafanya jambo moja tu kati ya yote haya, fanya hili. Chini kabisa ya uzio, usawa wa ardhi, kata tundu la mraba la sentimita 13 kwa 13. Kipimo hicho kinampitisha kalunguyeye na kinawazuia mbwa walio wengi. Piga msasa kingo zake zisimchane.

Kabla ya kukata, mgongee jirani mlango. Mimi nilikaa miaka minne nikisalimiana na jirani yangu kwa kupungiana mikono tu. Tundu la kalunguyeye ndilo lililotukalisha mezani kwa chai, na wiki iliyofuata akakata la kwake upande wa pili. Mtaa wenye nyumba tano zilizounganishwa hivyo ni shamba kubwa kwa mnyama huyu. Bustani moja peke yake haimtoshi hata uijaze chakula namna gani.

Kama uzio ni wa zege au mwenye nyumba amekataa ukataji, chimba kijishimo chini yake, kina cha sentimita 13, uweke na kokoto kidogo ili pasijae matope.

Hatua ya 3: Weka maji

Sahani bapa, maji safi, kila siku, mwaka mzima. Weka mahali penye kivuli karibu na kichaka. Sahani isiwe na kina, maana watoto wake ni wadogo na wanazama upesi. Siku za barafu vunja barafu asubuhi na jioni ubadilishe maji. Juni na Julai, nyasi zikikauka na nyungunyungu wakizama chini ya ardhi, sahani hii ina thamani kuliko chakula.

Usiweke maziwa. Narudia kwa sababu kosa hili ndilo kongwe kuliko yote, na mimi mwenyewe nililifanya mwaka wangu wa kwanza: bakuli la maziwa na vipande vya mkate, kama nilivyozoea kumwekea paka nyumbani Tanga. Tumbo la kalunguyeye haliwezi kumeng'enya sukari ya maziwa. Atayanywa kwa hamu, kisha atahara, na mnyama wa uzito wa nusu kilo akihara siku mbili anaweza kufa. Mkate nao unamjaza tumbo bila kumlisha.

Hatua ya 4: Tengeneza boksi la kulia

Ukimwaga chakula nje, paka wa mtaa watakula, mbweha watakula, na panya watakuja. Boksi ndilo linaloamua nani aingie.

1. Lipindue boksi la plastiki, mdomo utazame chini na mfuniko ubaki mkononi. Kwenye upande mfupi, chora mraba wa sentimita 13 kwa 13 unaogusa ardhi.
2. Toboa pembe za mraba kwa drili, kisha kata taratibu. Ukikata kwa nguvu, plastiki itapasuka hadi juu.
3. Zungushia kingo zote selotepu nene, tabaka mbili. Plastiki iliyokatwa ni kali kama wembe.
4. Liweke boksi kando ya ukuta au ua wa miti, mahali anapopita. Sakafu iwe nyasi au gazeti, ambalo unaweza kulitupa kila asubuhi.
5. Ndani, umbali wa kama sentimita 15 kutoka mlangoni, simamisha tofali moja likitazamana na mlango. Kalunguyeye atalizunguka. Paka akiingiza mkono atakutana na tofali.
6. Sahani ya chakula iende mwisho kabisa wa boksi, nyuma ya tofali.
7. Juu weka tofali lingine au mawili. Mbweha ana nguvu na ana subira. Boksi jepesi atalipindua usiku wa kwanza.

Hatua ya 5: Mpe chakula kinachofaa

Jioni, giza linapoingia, weka vijiko vitatu au vinne vya chakula. Asubuhi ondoa kilichobaki, osha sahani, ifunike.

Kinachofaa ni chakula cha paka au mbwa chenye nyama, kiwe cha kopo au kikavu. Chakula kikavu cha watoto wa paka ni kizuri zaidi kwa sababu punje zake ni ndogo, hakiozi upesi wakati wa joto, na hakigandi baridi ikizidi.

Hapa huja swali la ndugu Waislamu, na ni swali la haki: je, makopo haya yana nguruwe? Mengi yameandikwa tu "nyama na mazao ya wanyama", bila kutaja mnyama gani. Ukitaka utulivu wa moyo, soma orodha ya viungo na uchague cha kuku au cha samaki kilichotajwa wazi. Vyovyote utakavyochagua, tenga kijiko na sahani za kazi hiyo tu, visiingie kabisa kwenye sinki la vyombo vya familia.

Visivyofaa ni vingi kuliko watu wanavyodhani:

- Ugali, wali, chapati na mkate. Ni wanga mtupu kwake.
- Mabaki ya mchuzi na nyama ya kukaanga. Chumvi, vitunguu na viungo vinamdhuru.
- Karanga, mbegu za alizeti, na wale viwavi wakavu wa manjano wanaouzwa kwa ajili ya ndege. Anawapenda kupita kiasi, lakini wana fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Akiwala kila siku mwili wake unavuta kalisi kutoka kwenye mifupa, miguu inapinda, mwisho anashindwa kutembea. Mfuko una picha ya kalunguyeye? Usiuamini kwa picha. Geuza nyuma usome.
- Matunda matamu. Meno yake ni ya kula wadudu.

Usiongeze chakula kwa kuona bakuli limemalizwa. Tunamwongezea tu, chakula chake cha kweli bado kiko chini ya majani.

Hatua ya 6: Jenga nyumba ya kulala

Kuanzia Novemba hivi hadi Machi, kalunguyeye wa Ulaya hulala usingizi wa baridi. Mwili wake hupoa hadi kukaribia joto la hewa iliyomzunguka, moyo hupiga polepole sana, naye huishi kwa mafuta aliyojiwekea. Nyumba mbovu wakati huo inamgharimu mafuta hayo. Ijenge mapema, Agosti au Septemba.

1. Kata mbao za boksi la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 30. Sakafu nayo ni ya mbao.
2. Kwenye ubao wa mbele, upande wa kushoto kabisa, kata mlango wa sentimita 13 kwa 13.
3. Kata ubao wa kugawa chumba, usimame ndani sentimita 15 kutoka ukuta wa kushoto. Ubao huu uwe na tundu la sentimita 13 kwa 13 upande wa nyuma, mbali na mlango wa mbele. Mgeni ataingia, atapita ukumbini, kisha atakata kona kuingia chumbani. Kona hiyo ndiyo inayozuia paka, mbwa na upepo.
4. Toboa matundu madogo manne au matano karibu na dari, ya kupitisha hewa. Ukiyasahau, ukungu utaota ndani.
5. Toboa matundu mengine machache sakafuni maji yatoke. Chini pigilia vipande viwili vya mbao, boksi lisikalie udongo wenye unyevu.
6. Paa liwe la kufunguka kwa juu, kwa bawaba au kwa kuliwekea tofali juu. Utahitaji kusafisha.
7. Usipake rangi wala vanishi ndani. Ukipaka nje, tumia ya maji, na uiache wiki kadhaa harufu iishe.

Hatua ya 7: Iweke, uifiche, uondoke

Chagua pembe tulivu yenye kivuli, chini ya kichaka au nyuma ya kibanda. Mlango usitazame kaskazini wala upande upepo unakotokea. Jaza majani makavu nusu ya chumba, na uache rundo lingine nje karibu na mlango, kwa sababu anapenda kujitandikia mwenyewe. Majani ya miti yenye upana wa wastani ndiyo bora. Usiweke matambara wala pamba: nyuzi zinamnasa miguu. Gazeti likilowa halimkingi na baridi.

Funika paa kwa karatasi la nailoni, kisha matawi, kisha majani. Mlango na matundu ya hewa yabaki wazi.

Halafu usifungue. Hapa wengi huharibu kazi yao yote. Kila mara anapoamshwa katikati ya baridi anachoma mafuta ya siku nyingi, na akiyamaliza kabla ya masika haamki tena. Ukitaka kujua kama yumo, egemeza kijiti chepesi mlangoni jioni. Kikiangushwa asubuhi, umepata mpangaji. Anaweza kuchukua mwaka mzima kuja, au miwili.

Hatua ya 8: Ondoa mitego iliyoko bustanini

- Wavu wa goli la watoto na wa kufunika mboga: ukunje jioni au uuinue sentimita 30 kutoka ardhini. Nilimkuta mmoja amejizungusha kwenye wavu wa mpira wa wanangu, uzi umeingia shingoni hadi kwenye nyama. Ilichukua saa nzima kumkata kwa mkasi wa kucha. Tangu siku hiyo goli letu halilali nje.
- Mashine ya kukatia nyasi ndefu: pita kwanza kwa mkono au kwa fimbo. Kalunguyeye hakimbii kelele. Anajiviringisha na kubaki palepale. Mashine inayojiendesha yenyewe isiwashwe usiku hata mara moja.
- Kidimbwi: anajua kuogelea, lakini kuta zikiwa wima anachoka na kuzama. Weka ubao au mawe ya kupandia.
- Sumu ya konokono na ya panya. Ile ya konokono yenye metaldehaidi imepigwa marufuku kutumiwa nje Uingereza tangu 2022, ila makopo ya zamani bado yamo vibandani mwa watu. Yapeleke kituo cha taka za sumu cha halmashauri.
- Lundo la kuni la usiku wa fataki, tarehe 5 Novemba: lijengwe siku hiyohiyo, au lihamishwe lote kabla ya kuwashwa. Kwake lundo hilo ni nyumba nzuri kabisa.

Hatua ya 9: Usafi

Osha sahani kila siku kwa maji ya moto. Anaweza kubeba bakteria wa salmonela wanaoharisha watu, kwa hiyo vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni, na watoto wanawe vilevile. Nyumba isafishwe mara moja kwa mwaka, Aprili, baada ya kijiti cha mlangoni kukuhakikishia kuwa imehamwa. Toa majani yote, mwagia maji yanayochemka, anika hadi ikauke kabisa, jaza majani mapya. Ukiikuta ina mama na watoto, funga paa polepole uondoke. Mama akisumbuliwa anaweza kuwatelekeza au kuwala.

Yakitokea haya

*Chakula kinaisha lakini simwoni.* Tandaza karatasi nyeupe ndani ya boksi, na mlangoni pitisha mstari mpana wa unga wa mkaa uliochanganywa na mafuta ya kula. Nyayo zitaeleza. Paka huacha duara la vidole vinne bila kucha. Kalunguyeye huacha kiganja kidogo kama cha mtoto mchanga.

*Panya wamekuja.* Acha chakula siku tano, maji yabaki. Ukianza tena, punguza kipimo na uondoe sahani kabla hujalala. Usitege sumu, atakayeila huenda akawa yule uliyemkaribisha.

*Paka bado anaingia.* Sogeza tofali karibu na mlango, au unganisha maboksi mawili ili njia iwe ndefu.

*Amekuja Januari.* Ni kawaida kuamka mara moja moja. Mpe maji na chakula kikavu.

*Ni mdogo sana na ni Oktoba.* Mpime kwa mizani ya jikoni, ukiwa na glavu. Akiwa chini ya gramu 450 wakati baridi inaingia, mafuta yake hayatamfikisha masika. Piga simu kituo cha uokoaji wa kalunguyeye.

*Nimemkuta mchana.* Mama anayebeba majani haraka haraka kuelekea kiotani mwache. Lakini aliyelala juani, anayepepesuka, mwenye jeraha, au aliyezungukwa na nzi ana shida kubwa. Usidhani anaota jua. Amepoa na anakaribia kufa. Vaa glavu, mwinue, mweke kwenye boksi lenye kuta ndefu na taulo kuukuu la kujifichia. Tia chini ya taulo chupa ya maji ya moto, iwe vuguvugu, na umwachie nafasi ya kujisogeza pembeni akizidiwa na joto. Ikipoa, badilisha, chupa baridi ni mbaya kuliko kutokuwa na chupa. Ukiona chembe nyeupe kama punje za mchele kwenye ngozi, ni mayai ya nzi, na huna siku, una saa chache. Usimlazimishe kula wala kunywa. Piga simu kituo cha uokoaji kilicho karibu. Chama cha British Hedgehog Preservation Society, kinachowatetea kalunguyeye Uingereza, kitakuelekeza, na daktari wa mifugo naye anaweza kumpokea. Andika kwenye karatasi mahali ulipomwokota, jina la mtaa na hata upande wa bustani, uibandike juu ya boksi. Akipona, hapo ndipo watakapomrudisha.